Floraidi ya Mlima Meru: Kutoka Mwambani hadi Jinoni

Mzaliwa wa Arusha akifika Dar es Salaam au Mwanza, mara nyingi hana haja ya kutaja kwao. Akicheka tu, wenyeji wanajua. Meno yake yana michirizi ya kahawia, au mabaka meupe yasiyong'aa, au yamechimbika vishimo vidogo usoni mwa jino. Wengi wamezoea kucheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Wengine wamesemwa tangu shule ya msingi kwamba hawapigi mswaki.

Lawama hiyo hawastahili. Rangi ile imetoka kwenye maji waliyokunywa utotoni, na maji yameitoa kwenye miamba ya Mlima Meru. Daktari wa meno peke yake hawezi kuieleza safari hiyo yote. Anahitajika mwanajiolojia wa kuusoma mwamba, na mtaalamu wa mwendo wa maji wa kueleza kwa nini kisima hiki kina madhara na kile cha jirani hakina. Ni suala moja linalodai sayansi tatu, na kwa kaya za Arusha na Arumeru ndilo linaloamua mtoto anyweshwe maji gani.

Mlima wa magadi

Meru una urefu wa mita 4,562, na ni volkano ambayo haijafa. Mlipuko wake wa mwisho, mdogo, ulitokea mwaka 1910. Umeota katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambako magma hupanda kutoka kina kirefu ikiwa na sodiamu na potasiamu kwa wingi. Magma ya aina hiyo hubeba pia floraidi nyingi, ambayo ndiyo inayoyaharibu meno. Inapopoa na kuganda kuwa miamba ambayo wanajiolojia huiita fonolaiti na nefelinaiti, sehemu ya floraidi hiyo hufungiwa ndani ya punje za madini. Mojawapo ya madini hayo ni apataiti, na msomaji alishike jina hilo, kwa sababu atalikuta tena ndani ya jino na ndani ya chujio.

Mwamba wenye floraidi peke yake hautoshi kuharibu maji. Mahali penye kalsiamu ya kutosha, floraidi iliyoyeyuka hushikana nayo, zikaganda na kutuama. Maji ya Meru hayana kinga hiyo. Yamejaa sodiamu na bikaboneti, yale ambayo wenyeji huyaita maji ya magadi, na kalsiamu yake ni haba. Floraidi ikishatoka mwambani haina wa kuikamata. Inabaki majini bila rangi, bila harufu, bila ladha.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mwaka 1984, mwanajiolojia Nanyaro na wenzake walichapisha vipimo vya maji ya kaskazini mwa Tanzania. Katika mito walikuta miligramu 12 hadi 26 kwa lita. Katika chemchemi, 15 hadi 63. Katika mabwawa na maziwa ya magadi, 60 hadi 690. Kiwango hicho cha juu kabisa ni mara 460 ya kikomo.

Maji yanayokawia njiani

Hata hivyo, si kila tone la Meru ni baya. Chemchemi nyingi zinazotoka juu, ndani ya msitu, zina floraidi kidogo, na zimewanywesha Waarusha na Wameru kwa vizazi. Tofauti inatokana na muda.

Mwaka 1856, mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyekuwa akishughulikia maji ya mji wa Dijon, alipitisha maji kwenye bomba lililojazwa mchanga na kupima yanavyotoka. Aligundua kwamba kiasi cha maji yanayopita kinategemea mambo mawili makubwa: tofauti ya kimo cha maji kati ya mwanzo na mwisho wa njia kwa kulinganisha na urefu wa njia hiyo, na uwezo wa mchanga wenyewe kupitisha maji. Kanuni hiyo bado ndiyo msingi wa elimu ya maji ya ardhini duniani kote, na inaieleza Meru vizuri. Mvua inayonyesha kwenye miteremko mikali ya juu hupenya lava iliyopasuka, ikashuka upesi na kutokeza chemchemini kabla haijazungumza sana na mwamba. Ile inayozama chini zaidi, ikapita kwenye majivu yaliyoshindiliwa na tope la kale la volkano, husogea polepole mno. Kadiri inavyokaa ndiyo inavyokolea, kama majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye birika.

Tabianchi nayo inaongeza mkono wake. Upande wa kusini, unaoelekea jiji la Arusha, hupata mvua nyingi inayosafisha na kuchanganya maji. Upande wa kaskazini, kuelekea Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, ni mkavu. Huko jua hunyonya maji na kuacha kilichoyeyuka ndani yake.

Kuna pia historia ya mlima wenyewe. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka. Shimo lake lenye umbo la kiatu cha farasi linaonekana hadi leo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na vifusi vyake ndivyo vilima vidogo vidogo vinavyozunguka maziwa ya Momella, maarufu kwa heroe. Vifusi hivyo ni mchanganyiko wa mawe makubwa na unga wa mwamba uliosagika. Unga una uso mpana sana wa kugusana na maji, na maji yakiingia humo hayana haraka ya kutoka. Ndiyo maana kata mbili jirani hazifanani, na visima viwili vilivyo ndani ya kijiji kimoja vinaweza kutoa majibu tofauti kabisa maabara. Kisima kirefu si lazima kiwe salama kuliko kifupi. Mara nyingine ni kinyume.

Jino linavyojengwa

Upande wa tiba, kitendawili hiki kilianza kuteguliwa mbali na hapa. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wakazi wengi wana meno ya kahawia. Alishuku maji, lakini ilichukua miaka 30 kupata mhusika. Mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya aluminiamu ya ALCOA aliyapima maji ya maeneo yenye meno ya aina hiyo, akakuta floraidi nyingi.

Tanzania nayo ina nafasi yake katika elimu hiyo. Mwaka 1978 watafiti wa Denmark, Anders Thylstrup na Ole Fejerskov, walichapisha kipimo cha ngazi 0 hadi 9 cha ukali wa tatizo hilo, baada ya kuchunguza meno ya watoto wa Tanzania wanaoishi kwenye maji yenye floraidi nyingi. Kipimo cha TF, kwa herufi za majina yao, kinatumiwa na madaktari wa meno katika nchi nyingi.

Tabaka gumu la nje la jino, enameli, ni madini ya jamii ya apataiti, ndugu wa yale yaliyomo kwenye lava. Mwili huyajenga ndani ya ufizi kabla jino halijachomoza. Chembe hai hutandaza kwanza kitambaa cha protini, kisha huiondoa protini hiyo ili madini yajae nafasi. Floraidi ikizidi, protini huchelewa kuondoka na enameli hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino huchomoza likiwa jeupe la kufifia. Rangi ya kahawia huja baadaye, chai na vyakula vinapoingia vitunduni, na jino lililo dhaifu sana humeguka. Kazi hiyo ya ujenzi, kwa meno ya kudumu ukiacha magego ya mwisho, hukamilika mtoto anapokaribia miaka 8. Floraidi anayokunywa baada ya hapo haiwezi tena kuyatia meno hayo mabaka, na yaliyokwisha kuingia hayaondolewi na mswaki wowote.

Mifupa haina ukomo huo. Huendelea kukusanya floraidi maisha yote. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huwa mizito lakini hafifu, viungo hukakamaa na mgongo hugoma kuinama. Katika vijiji vilivyoathirika zaidi vya Arumeru wameonekana watoto wenye matege au magoti yanayogongana, hasa pale ambapo chakula chao pia kina upungufu wa kalsiamu.

Maji si mlango pekee. Miaka ya 1990, mtafiti Mabelya na wenzake walionyesha kwamba kulikuwa na watoto wa Tanzania walioharibika meno vibaya ingawa maji yao yalikuwa na floraidi kidogo. Chanzo kilikuwa jikoni: magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi.

Mifupa ya ng'ombe kazini

Ngurdoto, nje kidogo ya jiji, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi. Kazi yake inayojulikana zaidi ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni husafishwa na kuchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi. Hapo pana ufundi. Mfupa usioiva vya kutosha huyapa maji harufu na rangi. Ulioungua hadi kuwa mweupe hupoteza nguvu ya kunasa. Unaofaa ni wa kijivu au mweusi, usio na harufu, unaovunjwa na kuchekechwa kuwa punje ndogo na kujazwa kwenye ndoo au pipa.

Mfupa nao ni apataiti. Floraidi ikipita, hubadilishana nafasi na sehemu ya madini hayo na kubaki pale, kwa kemia ile ile inayoitia kwenye mifupa ya binadamu. Darcy naye anarudi: punje zikiwa kubwa, maji hupita mbio na floraidi inapenya, zikiwa unga, floraidi inanaswa vizuri lakini maji yanatoka kidogo mno, na mama mwenye ndoo tano za kujaza hawezi kusubiri. Tena chujio hushiba. Siku litakaposhiba maji yataendelea kutoka yakiwa maangavu vilevile, kwa hiyo bila kipimo hakuna atakayejua.

Njia nyingine iliyojaribiwa Ngurdoto ilitoka Nalgonda, India: shabu na chokaa hukorogwa majini, floraidi ikanaswa kwenye mapande yanayotuama. Naye Askwar Hilonga, mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, alibuni chujio la mchanga na nanoteknolojia linalorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, floraidi ikiwemo. Mwaka 2015 alikuwa wa kwanza kutwaa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Kwa jiji zima, dawa kubwa ni kutafuta maji bora kwa wingi. Mradi wa shilingi bilioni 520, uliofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga uwezo wa kuzalisha lita milioni 200 kwa siku. Sheria nayo imekaza. Miaka ya 1970 Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita, kwa kuwa vijijini hapakuwa na maji mengine. Baadaye kikomo kikashuka hadi 4, na tangu mwaka 2018 ni 1.5, sawa na cha dunia.

Kanuni hiyo italinda meno iwapo tu vipimo vitafanyika. Kamati ya maji ya kijiji, parokia, msikiti au mwenye nyumba wa mjini anayechimba kisima adai kipimo cha floraidi kabla ya kulipia pampu. Mzazi ajue kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inakolea. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi karibu hayana kabisa. Penye maji haba yaliyo salama, yawekwe kwa ajili ya uji na kunywa kwa watoto walio chini ya miaka 8, na yale ya magadi yabaki kufulia na kudekia.