Chupa na Madumu Yaliyokwisha Kazi

Familia nyingi za Singida hazitupi dumu la mafuta ya alizeti likiisha, na zinafanya vema. Dumu la lita 5 likioshwa kwa maji moto na sabuni, likatobolewa tundu dogo, likaning'inizwa kwenye mti na kufungwa kamba yenye kijiti cha kukanyagia, ni kibuyu chirizi cha kunawia mikono nje ya choo. Maji hutoka kidogo kidogo, nasi wa nchi kame tunajua faida yake.

Chupa ya maji ya lita 1 nayo ni kipimo kizuri. Mtoto akiharisha, pakiti ya ORS ya lita 1 iyeyushwe humo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, siyo kukisia kwa vikombe. Yakibaki baada ya saa 24, yamwagwe.

Lakini chombo cha dawa ya kuogeshea mifugo au ya kunyunyizia pamba hakisafishiki, hata ukisugue kwa majivu na mchanga. Kitoboe, asije mtu akakitekea maji.

Mafuta ya taa nayo yasitiwe katika chupa ya soda wala ya maji. Mtoto anaijua chupa, hajui kilichomo. Akiyanywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa kama wengi wafanyavyo: akitapika, mafuta huingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Mvue nguo zilizolowa, mpeleke hospitali upesi, na chupa ile uichukue.