Magari ya misuli: Bei iko kwenye namba, si kwenye mng'aro

Na Mwandishi Wetu

MNAMO Januari 2020, katika mnada wa kampuni ya Mecum uliofanyika Kissimmee, jimbo la Florida nchini Marekani, gari aina ya Ford Mustang la mwaka 1968 liliuzwa kwa dola milioni 3.4. Ada ya mnunuzi ilipoongezwa, hesabu ilifika dola milioni 3.74. Gari hilo, lililotumika katika filamu ya Bullitt iliyochezwa na Steve McQueen, lilikuwa na rangi iliyochakaa, mikwaruzo na kutu. Familia iliyoliuza ilikuwa imelinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000.

Katika minada ya aina hiyo hiyo hupita magari yanayong'aa kama kioo, ambayo wenyewe wametumia miaka na fedha nyingi kuyakarabati, yakauzwa kwa bei isiyorudisha hata gharama ya fundi. Kwa mfanyabiashara, swali linalofuata ni la msingi: mnunuzi wa bidhaa hii analipia nini hasa?

Jibu ni kwamba analipia ushahidi. Ukarabati mzuri huongeza thamani pale tu unapoulinda ushahidi huo. Ukiufuta, fedha iliyotumika haitarudi.

CHIMBUKO LA BIDHAA

Magari ya misuli, kama Wamarekani wenyewe wanavyoyaita, ni magari ya bei ya wastani yaliyofungwa injini kubwa kupita kiasi. Wengi huanza kuhesabu na Pontiac GTO ya 1964. Wakati huo General Motors ilikuwa na kikomo cha injini cha inchi za ujazo 330 kwa magari yake ya ukubwa wa kati. Wahandisi wa Pontiac, chini ya John DeLorean, walikikwepa kikomo hicho kwa kuiuza injini ya inchi 389 kama nyongeza ya hiari kwenye gari la Tempest LeMans. Mwaka huo wa kwanza yaliuzwa magari 32,450.

Chevrolet, Ford, Plymouth na Dodge nao waliingia sokoni kwa nguvu. Hata hivyo, biashara hiyo haikudumu. Bima kwa vijana wanaoendesha magari hayo ilipanda, sheria za hewa safi zilikazwa kuanzia 1970, na modeli za General Motors za 1971 zilipunguziwa mgandamizo wa injini. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisitisha kuiuzia Marekani mafuta, na soko la injini kubwa likafungwa.

Kwa lugha ya soko, ugavi wa bidhaa hii uliishia hapo. Yaliyotengenezwa ndiyo yaliyopo, na kila mwaka mengine huliwa na kutu au ajali.

BODI MOJA, BEI MBILI

Lakini uhaba huo haulingani. Tuchukue Chevrolet Camaro ya 1969. Mwaka huo zilitengenezwa 243,085, idadi ambayo si haba hata kidogo. Ndani ya idadi hiyo kuna zilizoitwa ZL1, zenye injini ya alumini ya inchi 427, ambazo zilitoka kiwandani 69 tu. Kati ya ncha hizo mbili zipo Z/28, zenye injini ya inchi 302 iliyokusudiwa mashindano.

Bodi zote hizo ni moja. Milango, boneti na bampa vya gari la kawaida vinaingia kwenye gari adimu bila tabu. Mtu mwenye Camaro ya kawaida anaweza kununua nembo, mistari ya rangi na injini inayofanana, akatoka na gari ambalo jicho la mgeni haliwezi kulitofautisha na Z/28 halisi. Penye pengo kubwa la bei kati ya vitu vinavyofanana, wa kughushi hawakosekani.

NAMBA ZINASEMA NINI

Namba ya Camaro ya 1969 husomeka juu ya dashibodi kupitia kioo cha mbele. Ikiwa inaanza na 124379N, tarakimu ya 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro yenye injini ya silinda nane, 37 ni aina ya bodi, 9 ni mwaka 1969, na N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. Namba hiyo inathibitisha kwamba gari lilitoka na silinda nane, lakini haisemi ni injini ipi kati ya zile za silinda nane. Kwa hiyo haithibitishi Z/28.

Uthibitisho lazima utafutwe kwingine, kwanza kwenye injini yenyewe. Mbele ya bloku, upande wa abiria, kuna sehemu ndogo bapa iliyogongwa alama. Alama kama V0110DZ husomeka hivi: V ni kiwanda cha injini cha Flint, 0110 ni Januari 10, na DZ ni injini ya Z/28 ya 1969. Pembeni yake hugongwa sehemu ya namba ya gari. Alama hizo zikikubaliana na gari, na tarehe ya injini ikatangulia tarehe ya gari kuunganishwa, soko huliita gari la namba zinazolingana, na bei yake hupanda.

Makampuni hayakuweka kumbukumbu kwa namna moja. Chrysler waliingiza herufi ya injini ndani ya namba ya gari lenyewe. Kwa magari ya 1970 na 1971, herufi R ni injini ya Hemi ya inchi 426. Mwenye Pontiac huweza kupata nakala za hati za kiwanda kutoka Pontiac Historic Services. Mwenye Ford ya kuanzia 1967 huagiza ripoti ya Marti, inayotokana na kumbukumbu za Ford yenyewe.

Kwa Chevrolet nyingi hakuna mlango wa namna hiyo wa kubisha. Mwenye gari hutegemea karatasi aliyoachiwa na mnunuzi wa kwanza, kibati cha udhamini, au karatasi ya kiwandani ambayo mara nyingine hukutwa juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za kiti. Ndiyo maana fundi mwangalifu hafumui kiti kabla ya kutazama ndani, wala hatupi karatasi iliyooza hata ikiwa imeliwa na panya.

KAZI YA FUNDI

Ukarabati kamili huchukua saa 1,000 na kuendelea. Gari hufunguliwa lote, na kila hatua hupigwa picha. Nati na bolti huwekwa kwenye mifuko yenye maandishi. Kabla ya rangi ya zamani kuondolewa, fundi huandika alama zote alizozikuta: mistari ya chaki, madoa ya rangi ya mkaguzi wa kiwandani, na mahali rangi ya bodi ilipopeperukia chini ya sakafu. Alama hizo zitarudishwa kama zilivyokuwa.

Hapo ndipo mgeni wa biashara hii hupotea. Yeye hudhani ubora ni kung'arisha kila kitu. Kiwandani, hata hivyo, bawaba za boneti zilipewa fosfeti ya kijivu cheusi na hazikupakwa rangi. Injini za Chevrolet zilipuliziwa rangi ya chungwa zikiwa zimekwisha kufungwa, ikawa rangi inagusa hata bomba la chuma la kutolea moshi na kuungua gari linapoanza kutembea. Mapengo ya milango hayakuwa sawa kila upande. Gari lililopita ubora wa kiwanda huvutia macho, lakini mbele ya waamuzi wanaopima uhalisi hupoteza alama.

Vipuri navyo vina madaraja. Chini kabisa ni vipya vya kuiga. Kampuni ya Dynacorn huuza hata bodi nzima za Camaro zinazotengenezwa Taiwan. Juu yake ni vipuri vilivyotumika vyenye tarehe zinazokubaliana na gari, kwani alteneta, kabureta na hata vioo vina alama za tarehe. Ghali zaidi ni vya zamani ambavyo havijawahi kufungwa, vikiwa bado ndani ya maboksi ya kiwanda. Hivi ndivyo vinavyowindwa katika magulio ya vipuri kama lile la Carlisle, Pennsylvania, lililoanza 1974.

Hatari kubwa kuliko zote iko katika karakana ya mashine. Injini ikipelekwa kufanyiwa matengenezo, kusawazisha uso wa bloku ni kazi ya kawaida. Mashine ikipita juu ya ile sehemu bapa, alama zote huondoka. Injini itafanya kazi vizuri zaidi kuliko mwanzo, lakini uthibitisho wake umegeuka chenga za chuma sakafuni. Kugonga namba upya si dawa, kwa sababu wakaguzi huangalia mikwaruzo midogo ya mashine ya kiwanda chini ya namba, na ikikosekana gari hutiliwa shaka. Mwenye gari anayeijua biashara hutoa maagizo kwa maandishi kwamba sehemu hiyo isiguswe.

HESABU YAKE

Tufanye hesabu ya mfano. Takwimu hizi ni za kufundishia, si bei za soko. Tuseme Camaro ya kawaida yenye kutu imenunuliwa kwa dola 25,000. Kazi ni saa 1,000 kwa dola 80, yaani dola 80,000. Vipuri, kromu, rangi na injini ni dola 40,000. Jumla ni dola 145,000. Ikiuzwa dola 75,000, hasara ni dola 70,000.

Sasa tuseme imenunuliwa Z/28 yenye hati kwa dola 70,000. Kazi na vipuri ni vile vile, kwa kuwa fundi hatozi saa yake kwa kuangalia gari ni adimu au la. Jumla ni dola 190,000. Ikiuzwa dola 230,000, kuna ziada ya dola 40,000. Toa kamisheni ya muuzaji ya asilimia 8, ambayo ni dola 18,400, zinabaki 21,600. Hiyo ni asilimia 11 na kidogo ya mtaji. Kama kazi ilichukua miaka mitatu, ni chini ya asilimia 4 kwa mwaka, na hapo bima, ghala na usafiri havijatolewa.

Hali ya tatu ndiyo ya kuogopesha. Gari limenunuliwa kama Z/28, kazi imekamilika, kisha mkaguzi anagundua kwamba namba za injini ziligongwa upya. Bei inarudi kwenye dola 75,000 za gari la kawaida, na hasara ni dola 115,000 kabla ya kamisheni. Rangi na kromu ni zile zile, kilichobadilika ni ushahidi tu.

Wenye kipato cha uhakika ni wale walio pembeni ya gari: muuza vipuri, fundi, kampuni ya mnada na bima. Hagerty ya Michigan, inayotoa bima kwa magari ya zamani na kuchapisha mwongozo wa bei wenye madaraja manne ya hali ya gari, iliingia Soko la Hisa la New York Desemba 2021. Anayevutiwa na sekta hii ana njia ya kuingia bila kununua kutu.

SOKO HUPANDA NA KUSHUKA

Bei za magari ya misuli zilipanda kwa kasi hadi karibu 2007, kisha zikaanguka wakati wa msukosuko wa fedha wa 2008 na 2009. Waliokopa ili wanunue ndio walioumia zaidi. Juni 2014, Plymouth Hemi Cuda ya 1971 isiyo na paa la bati iliuzwa dola milioni 3.5 katika mnada wa Mecum mjini Seattle. Mwaka 2021 nyingine ya aina hiyo ilifikishwa dola milioni 4.8 huko Indianapolis, lakini mwenyewe hakukubali bei. Bei iliyokataliwa si bei ya soko, na msomaji aitenge na zile zilizolipwa.

Aidha, aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1969 sasa amepita miaka 70. Kizazi hicho ndicho kilichobeba bei hizi kwa hamu ya ujana wake. Mwekezaji anapaswa kujiuliza ni nani atakayenunua warithi watakapoleta magari hayo sokoni kwa wingi.

Kwa wafanyabiashara wa hapa kwetu, ambapo kadi ya gari huandikwa namba ya chesisi na ya injini, kanuni hii si ngeni. Anayetaka kununua chochote cha zamani kwa nia ya kukiuza tena azingatie mpangilio huu: kwanza hati, pili namba, tatu kutu, na rangi iwe ya mwisho. Mkaguzi alipwe na mnunuzi, kabla ya fedha kutoka. Na kabla fundi hajashika spana, kila kinachothibitisha asili ya kitu kipigwe picha na kuhifadhiwa mahali pengine.

Familia iliyouza ile Mustang ilifuata njia hiyo. Pamoja na gari ilikuwa imetunza barua ambayo McQueen mwenyewe aliiandika mwaka 1977 akiomba kulinunua. Haikuuza wakati ule, haikupaka rangi mpya, na barua haikuitupa.