Karatasi ya hoteli si chumba: soma hapa kabla hujapanda ndege ya Dubai

Juzi nilikuwa kafe, kijana mmoja kwenye kompyuta ya pembeni akaniomba nimsaidie kuchapa karatasi ya hoteli. Anaenda Dubai mara ya kwanza kufunga mzigo, simu na nguo kidogo. Nikamuuliza, umeshapiga simu hotelini kwenyewe? Akacheka. "Braza, si karatasi hii hapa?"

Basi bwana, nikanyamaza kidogo, maana mwaka 2016 na mimi nilikuwa na karatasi kama ile ile. Wakala aliyenishughulikia viza alisema hoteli imo humo humo kwenye bei, usiku tano, Deira, nisiwe na wasiwasi. Nikatua saa saba na nusu usiku, nikachukua teksi, nikamkabidhi dada wa mapokezi karatasi yangu safi kabisa, nimeiweka kwenye plastiki. Akabofya, akabofya tena. Akaniambia kwa upole: jina lako lipo, lakini bukingi ilifutwa siku nane zilizopita. Na hoteli imejaa.

Nililala kwenye kochi la mapokezi nimekumbatia begi, dola za mzigo ziko kwenye soksi. Asubuhi nikachukua chumba cha kwanza nilichokiona, karibu mara mbili ya bei niliyomlipa wakala. Hela ya kufidia ikatoka kwenye mzigo. Wakala simu hapokei mpaka leo.

Mchezo wenyewe ni mwepesi mno. Tovuti za kubuku hoteli zina vyumba ambavyo unashika bila kulipa chochote, unalipa ukifika, na unaruhusiwa kufuta bure mpaka siku fulani kabla ya safari. Ni kitu kizuri tu kwa msafiri mwaminifu. Ila wakala asiye mwaminifu anashika chumba kwa jina lako, anachapa karatasi yenye namba halali, anaiambatanisha kwenye maombi ya viza, viza ikitoka anaenda kwenye tovuti anafuta. Wewe umemlipa yeye, yeye hajalipa mtu. Karatasi haikuwa feki, ndo maana haikamatiki kwa macho. Mawakala waaminifu wapo na ni wengi, lakini wa aina zote mbili wanakupa karatasi inayofanana.

Kwa hiyo dawa ni simu. Usipige namba iliyoandikwa kwenye karatasi, mtu anaweza kuandika ya rafiki yake. Tafuta tovuti ya hoteli yenyewe, chukua namba hapo. Dubai wametutangulia saa moja tu, na mapokezi ya Deira utakuta Wahindi, Wafilipino, hata Wakenya na Waganda, hivyo usiogope Kiingereza chako. Taja namba ya bukingi na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, halafu uliza: bado ipo? Imelipwa, au nalipa nikifika? Ni kuanzia tarehe ngapi mpaka ngapi? Piga siku viza inapotoka, piga tena siku mbili kabla ya kuondoka. Ile simu ya pili ndo muhimu zaidi. Mimi kama ningepiga hiyo tu, ningejua nikiwa bado Dar.

Bora zaidi, buku mwenyewe kwa barua pepe yako, ili ikifutwa taarifa ije kwako. Kama huna kadi ya benki, tafuta chumba cha kulipa ukifika. Siku hizi pia kuna kadi za malipo za kwenye simu, unaweka kiasi unachotaka tu, na kwa mtu wa kafe hiyo ni salama kuliko kuandika namba ya kadi yenye akiba yako yote kwenye kompyuta ya watu. Na ufunge akaunti yako kabla hujanyanyuka kitini, jamani. Kila wiki nakuta barua pepe ya mtu imeachwa wazi.

Sasa tarehe. Hapa wengi wanaingizwa mjini na saa zao wenyewe. Tiketi imeandikwa unafika tarehe 12 saa 01:30. Kwetu hiyo ni saa saba na nusu usiku, na kichwani mwako bado ni usiku wa tarehe 11. Ukibuku kuanzia tarehe 12, chumba chako kinafunguliwa tarehe 12 saa nane au saa tisa mchana. Utakaa kwenye kochi kama mimi, ila wewe kwa kosa lako. Ndege ikifika baada ya saa sita usiku, buku usiku wa kuamkia siku hiyo, yaani tarehe 11, na uwaandikie hoteli kwamba utachelewa kufika. Usipowaambia, hoteli nyingine wakiona usiku wa kwanza hujatokea wanafuta na siku zote zilizobaki.

Bei nayo ina mkia. Ukiona dirhamu 150 kwa usiku, soma maandishi madogo chini. Kwa kawaida kuna huduma asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7, VAT asilimia 5 iliyoanza 2018, na ile wanayoiita Tourism Dirham, iliyoanza 2014, kati ya dirhamu 7 na 20 kwa kila chumba kila usiku kufuatana na nyota. Kama hakuna hata moja iliyokwisha kujumlishwa, chumba cha nyota tatu cha 150 kinapita 190. Kwa usiku tano hizo ni dirhamu 200 hivi, na dirhamu imefungwa na dola kwa 3.67, hesabu mwenyewe. Mapokezi pia wanaweza kukuomba dipoziti, dirhamu mia au zaidi, inayorudi siku ya kuondoka. Ni kawaida, usigombane nao, dai risiti tu.

Kuhusu hoteli gani, sitaji majina, maana hoteli hubadilisha wenyewe na tabia. Kwa mfanyabiashara Deira bado inalipa: masoko yako karibu, na metro ya mstari wa kijani, iliyofunguliwa 2011, inakushusha Baniyas Square. Tazama ramani, usiamini maneno "karibu na metro". Ila chunga kitu kimoja: hoteli kadhaa za bei poa Deira zina kilabu cha muziki chini. Ngoma inapigwa mpaka saa tisa usiku, na wewe una soko asubuhi.

Hilo utalijua kwenye maoni ya wageni. Usisome yale ya kusifu tupu wala ya kutukana tupu. Soma ya miezi ya karibuni, ya watu waliotoa alama za katikati. Mtu mmoja akilalamikia kelele labda alikuwa na hasira zake. Watano wakisema kelele ghorofa ya pili, basi ghorofa ya pili kuna kelele, omba ya sita.

Na ukishabuku, ukipata ujumbe kwamba "thibitisha kadi yako hapa ndani ya saa 12 la sivyo chumba kitafutwa", usibofye, hata kama umekuja kupitia tovuti ile ile uliyobukia. Tangu 2023 wezi wamekuwa wakiingia kwenye akaunti za hoteli na kuwaandikia wageni, wanajua jina lako na tarehe zako. Rudi kwenye simu ile ile ya hoteli, uliza.

Yule kijana tulipiga pale pale kafe. Chumba chake kipo, hakijalipwa, ingawa yeye ameshamlipa wakala. Alitoka mbio kumfuata ofisini kabla hajafunga. Mwenye uzoefu wa Guangzhou au Istanbul atumwagie hapa chini, maana huko mimi sijafika.