Picha Haina Mdomo

Wahenga walisema msema pweke hakosi. Nami nimegundua kwamba hakuna mahali pa kusema pweke kama mbele ya picha ya zamani. Waliomo wengi wameshakufa, na picha yenyewe haina mdomo wa kutupinga.

Nyumbani kwetu, si mbali na misheni ya Asumbi, kuna picha moja sebuleni. Wanaume wanne wamesimama mbele ya jengo la mabati. Babu yangu yuko kushoto. Tangu utotoni amu ametuambia kwamba yule wa katikati mwenye suti ni Tom Mboya, na yule wa pembeni mwenye miwani nyeusi ni jasusi aliyetumwa kumfuata mpaka akauawa. Mwaka jana nilisimama mbele ya chama chetu nikaisimulia hadithi hiyo, mkanipigia makofi. Leo nimekuja kuirudisha.

Kwanza tujiulize, mbona tuliamini? Mboya ni mtu wa kwetu, kwao ni kisiwani Rusinga. Alipigwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga alihukumiwa kifo mwaka uo huo, lakini watu wengi hawakuridhika kwamba alitenda peke yake. Basi mtu akishaamini kuna mkono uliofichwa, macho yake huanza kuutafutia sura. Na mwenye miwani nyeusi huwa wa kwanza kukamatwa!

Jambo hili si la kwetu tu. Rais Kennedy wa Marekani alipouawa mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963, polisi waliwatoa wanaume watatu katika behewa la treni karibu na hapo. Wapiga picha wa magazeti wakawapiga picha wakipelekwa kituoni. Waliachiliwa, na majina yao hayakujulikana na umma. Miaka ya sabini watu wakaanza kusema ati wawili kati yao ni E. Howard Hunt na Frank Sturgis, wale wa kashfa ya Watergate, na kwamba ndio waliomuua rais. Mwaka 1975 tume ya serikali ililinganisha sura na vimo, ikasema sio. Wapi! Ubishi haukuisha. Kilichofichua ukweli ni karatasi za polisi wa Dallas. Mwaka 1992 majina yalipatikana humo: Harold Doyle, John Gedney na Gus Abrams. Walikuwa watu wasio na makao, waliodandia treni. Kwa miaka mingi dunia iliwatazama maskini hawa ikawaita wauaji.

Tusiwacheke Wamarekani. Mwezi wa Juni 1988 gazeti la Kenya Times lilichapa picha ya mtu mwenye ndevu na kanzu nyeupe, aliyetokea katika mkutano wa maombi wa Mary Akatsa kule Kawangware, Nairobi. Wengi walisema ni Yesu. Huko Uingereza, Benjamin Creme naye akasema ni Maitreya, mwalimu wa dunia aliyekuwa akimtangaza. Picha ni ile ile, majina ni mawili. Kila mmoja aliona yule aliyekuwa akimngoja.

Mimi nilijaribu jambo dogo. Niliiomba ile picha yetu, nikawaonyesha marafiki watano mmoja mmoja. Watatu niliwaambia mapema, "Mtafute Mboya." Wote wakamwona mara moja. Wawili sikuwaambia kitu. Mmoja akasema ni mwalimu, mwingine akasema ni bwana harusi. Hapo nikaelewa kwamba jina likitangulia, jicho hufuata.

Niliporudisha picha nilimwomba nyanya ruhusa ya kufungua fremu. Nyuma ya picha palikuwa na mwandiko wa babu: "Mkutano wa pamba, Homa Bay, Machi 1971," na majina manne. Mboya alikuwa kaburini karibu miaka miwili! Aliyevaa suti alikuwa karani wa chama cha ushirika.

Nilimsomea amu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba aliogopa. Ndiyo maana akaandika majina ya uongo."

Nyanya akaweka kikombe chini. "Mwanangu, huyu mwenye miwani ni jirani yetu. Macho yalikuwa yakimuuma, jua lilimchoma. Wajukuu wake hunywa chai hapa hapa, chini ya picha hii, na wewe unawaambia watu babu yao aliua."

Amu hakujibu.

Jamani, hapo ndipo nilipopata haya. Mimi mwenyewe niliitangaza hadithi ile shuleni, na mmoja wa wajukuu hao nasoma naye. Hakuwahi kunilaumu kwa sababu hakujua ni nani ninayemsema. Nimeshamwambia kabla ya kuandika makala haya.

Kwa hivyo, mwanachama mwenzangu, ukionyeshwa picha ya zamani uliza mambo matatu. Nani alilitaja jina hili kwanza, na alijuaje? Je, kuna ushahidi nje ya picha, kama tarehe, mwandiko, kitabu cha ofisi au mzee aliyekuwapo? Na je, mwenye kusimulia yuko tayari kukubali kwamba amekosea? Ikiwa kila ushahidi unaompinga anaugeuza kuwa sehemu ya njama, basi hatambui mtu, anatetea hadithi yake.

Ile picha bado iko ukutani. Nyanya ameniagiza niandike majina yote manne kwenye karatasi, niyabandike mbele ya kioo. Nimeyaandika kwa herufi kubwa, ili na amu ayasome bila miwani.