Je, Mshtarii ni ngao ya Dunia?

Mwalimu mmoja wa hapa Kapkatet ameniuliza kama ni sahihi kuwaambia wanafunzi kwamba Mshtarii ni "ngao" ya Dunia. Kisarufi, hakuna kosa. Tatizo ni kwamba ngao kazi yake ni kukinga, na sayari hiyo haikingi tu.

Chanzo cha sitiari hiyo kinaeleweka. Mshtarii (wengi siku hizi husema Jupita, nami sina ugomvi nao) ina uzito wa Dunia 318 hivi, mara mbili unusu ya sayari nyingine zote za Jua zikijumlishwa. Julai 1994, vipande vya nyotamkia Shoemaker-Levy 9 viliigonga, walimwengu wakitazama. Watu wakasema, si mnaona, imetukinga!

Lakini hebu tazama ukanda wa asteroidi, yale mawe yaliyo kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwaka 1866, Mmarekani Daniel Kirkwood alitambua kwamba ukanda huo una mapengo. Kwa nini? Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kidogo tu, ila kila mara kwa wakati uleule, atapaa. Jiwe linalolizunguka Jua mara tatu kamili huku Mshtarii ikizunguka mara moja, yaani kwa miaka 12 hivi, huvutwa kwa mpigo wa namna hiyo. Njia yake hurefuka kama yai hadi ikakata njia ya Mirihi, pengine hata ya Dunia. Nyuma hubaki pengo.

Na mawe hayo hufika kweli. Tarehe 16 Julai 2011, vimondo vilianguka eneo la Thika. Wataalamu waliviweka katika kundi L6, aina ya mawe yatokayo kwenye ukanda huo. Milango mikuu ya kutokea huko imefunguliwa na Mshtarii ikisaidiana na Zohali. Ngao gani hiyo inayorusha mawe?

Mimi ningechagua "mchungaji". Maelfu ya mawe imeyaweka zizini, yakiitangulia na kuifuata katika njia yake yenyewe. Mengine huyafukuza mbali kabisa na Jua. Machache huponyoka yakaingia shamba la jirani. Ila kwa kuwa wengi wakisikia "mchungaji" humwaza wa kanisani, mwalimu na aandike "mchunga".