Rubani hodari huponzwa na nini?

Kwa kawaida ukurasa huu huzungumzia bei. Wiki hii tunazungumzia gharama ambayo wafanyabiashara wachache huiandika katika daftari, nayo ni kosa la mtu tunayemkabidhi roho na mzigo wetu: rubani. Neno hili lilianzia baharini kabla halijapanda angani, hivyo nahodha wa Nyamisati naye asidhani kwamba hayamhusu.

Tuanzie hapa hapa Rufiji. Novemba 1914 Waingereza walikuwa wakiisaka manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha ndani ya mikoko ya delta. Walimkodi Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekuwa akifanya maonyesho ya urukaji mjini Durban, pamoja na ndege yake ya kutua majini aina ya Curtiss. Safari ya kwanza aliruka kutoka kisiwa cha Nyororo bila dira. Mawingu na mvua vikamzuia kuona, delta akaikosa, akajikuta ametua kisiwa cha Okuza na meli ikalazimika kumtafuta. Baada ya siku chache aliiona manowari ile kweli, lakini Desemba ndege yake ilishuka ndani ya delta na Wajerumani wakamteka.

Cutler hakuwa mwanafunzi. Alitegemea macho yaliyokuwa yamemtosha kule alikozoea. Aliyewahi kupita Simba Uranga au Kikunya anajua: mikoko mbele, mikoko nyuma, mdomo huu wa mto unafanana na ule, na fungu la mchanga la mwaka jana si lazima liwepo mwaka huu. Mazoea ya mahali pengine hayana thamani hapo.

Yapo ya karibu zaidi. Usiku wa kuamkia Mei 5, 2007 ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, iliondoka Douala, Kameruni, ikielekea Nairobi. Ilikuwa Boeing 737-800 ambayo haijamaliza hata mwaka kazini. Mvua ya radi ilikuwa imeichelewesha zaidi ya saa moja. Rubani mkuu alikuwa na uzoefu wa saa zaidi ya 8,000 angani. Msaidizi wake alikuwa kijana mwenye saa chache. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2010 inaeleza kwamba waliondoka bila ruhusa ya mnara. Muda mfupi baada ya kupaa, rubani mkuu alitamka kwamba mtambo wa kujiendesha ushike kazi. Haukushika, na hakuna aliyehakikisha. Ndege ikaanza kuinamia kulia polepole katika giza ambalo halina upeo wa macho. Mwili wa binadamu hauhisi mwinamo wa polepole kama ule. Kengele ya hatari ilipolia, rubani mkuu alichanganyikiwa akazungusha usukani upande usiofaa, na msaidizi wake akamwelekeza kulia kabla ya kujirekebisha na kusema kushoto. Chini ya dakika 2 tangu kupaa, watu wote 114 walikuwa wamekufa. Ndege ilizama katika kinamasi cha mikoko kilomita zisizofika 6 kutoka uwanjani, na ilichukua zaidi ya saa 40 kuipata.

Mwandishi wa makala hii alisomea biashara, si urubani. Chuoni tulifundishwa kwamba anayeandika hundi asiwe yeye huyo huyo anayesuluhisha taarifa ya benki, na sababu yake si kwamba kila mhasibu ni mwizi. Jicho la pili lazima liwe huru kusema. Pale Douala jicho la pili lilikuwepo, ila wachunguzi waliona kwamba kijana yule alimwogopa mkubwa wake. Tenerife, Machi 27, 1977, ambako watu 583 walikufa, rubani mkuu wa KLM alikuwa mkufunzi wa marubani wa shirika lake. Mhandisi wa ndege aliuliza iwapo ndege nyingine ilikuwa imeshatoka njiani. Akajibiwa kwamba imetoka. Haikuwa imetoka.

Hivyo ujuzi wenyewe ndio unaofungua mlango. Anayejifunza hutazama kila swichi. Aliyefanya mara elfu huona kile anachotarajia kukiona. Orodha ya ukaguzi tunayoisikia leo ilitokana na ajali ya Oktoba 30, 1935 nchini Marekani, ambapo rubani wa majaribio, mtu wa daraja la juu, aliruka na Boeing mpya bila kufungua kifungio cha usukani wa mkiani. Tangu hapo ikakubalika kwamba kichwa, hata kiwe kizuri namna gani, kisiachiwe kazi ya kukumbuka. Mashirika makini leo huagiza pia kwamba amri itamkwe na iitikiwe, kwamba mdogo amkatize mkubwa bila kuomba radhi, na kwamba kiwango cha hali ya hewa ya kugeuza safari kipangwe mapema, ndege ikiwa bado chini.

Sasa tujitazame sisi abiria. Mwenye kamba wa delta anaona barafu inayeyuka, maji yanakupwa, na mnunuzi wa Dar es Salaam hasubiri. Anamwendea nahodha, anamsifu: wewe mzee wa njia hii, nani atakushinda? Pengine anaongeza na kitu mkononi. Bila kujua, amefanya ile ile kazi iliyofanywa na saa moja ya kuchelewa pale Douala. Abiria wa ndege ndogo za Mafia anayegomba kwa sababu rubani amekataa kuruka hana tofauti naye.

Hesabu yake ni nyepesi. Barafu ya siku ya pili na posho ya kulala Nyamisati ziingizwe katika gharama za kila mzigo tangu mwanzo, kama inavyoingizwa nauli ya gari kutoka Kibiti. Mzigo usioweza kubeba gharama hiyo bei yake ya kununulia ilikuwa kubwa mno, na mahali pa kuirekebisha ni kwa mvuvi, asubuhi, kabla nahodha hajaulizwa lolote.