Fizi: kambi ya Lusenda yageuka mji mdogo, udongo wa kulima wapungua

Barabara ya Uvira kwenda Baraka inapita Mboko na Lusenda, kando ya ziwa Tanganyika. Kambi ya Lusenda ilifunguliwa mwaka 2015, Warundi walipokimbia fujo za muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza. Ilipojaa, makazi mengine yakafunguliwa Mulongwe, karibu na Baraka.

Wenyeji wanaishi kwa mihogo na samaki. Kila nyumba mpya inakula udongo wa kulima. Mkimbizi asiye na shamba anatafuta kibarua kwa jirani. Wenyeji wengi wanajua hali hiyo: wao pia walikimbilia Tanzania wakati wa vita, wakarudi kupitia bandari ya Baraka. Kinachobaki ni kuelewana: nani alime wapi, hadi lini.